Evelio Pupo Hakuwa na Pa Kwenda

Mtaani kwetu Las Tejas, hapa Holguín, miaka ile petroli ilipokauka na mabasi yakabaki kwenye yadi yanaota majani, baiskeli haikuwa kitu cha starehe. Ilikuwa mzigo. Zililetwa meli kwa meli kutoka China, nzito, nyeusi, na viwanda vikawagawia wafanyakazi wao. Mtu akipanda yake, ulijua anafuata mkate, au dawa, au amesikia kwamba sehemu fulani yameshuka mayai ya kuuzwa. Ukimwona jirani anatoka mbio bila kuaga, ulitupa ufagio ukamfuata, maana hakuna aliyetoka bure.

Isipokuwa Evelio Pupo, na ndiyo maana alishukiwa.

Evelio alikuwa muuzaji wa duka la mgao la mtaa. Kwa miaka mingi alisimama nyuma ya kaunta ile ile ya mbao, akipima mchele, maharage, sukari, na mafuta yalipokuwepo, kila nyumba kwa kitabu chake cha mgao. Alikuwa mfupi, ana kipara, masharubu ameyachonga vizuri, na hakuwa mwongeaji. Alasiri alifunga duka, akaenda nyumbani kunywa kahawa aliyopikiwa na mkewe Onelia, kisha akatoa baiskeli kibarazani na kuondoka. Saa moja baadaye, au mbili, alirudi ametoka jasho, mikono mitupu, uso umekunjuka kama mtu aliyepata habari njema.

Mikono mitupu! Hilo ndilo lililowakera watu. Angerudi hata na ndizi mbili, angeeleweka.

"Ulikuwa wapi, Evelio?" aliuliza Rigo Tamayo, kinyozi, aliyeweka kiti chake cha kazi mlangoni ili asipitwe na lolote.

"Nilizunguka."

"Ulizunguka wapi?"

"Huko na huko."

"Kufanya nini?"

"Kuzunguka, Rigo."

Kinyozi alimgeukia mteja wake, wembe hewani. "Umesikia? Kuzunguka. Mtu mzima, mwenye funguo za sukari ya mtaa mzima, anazunguka."

Nami sikatai kwamba swali lilikuwa na haki yake. Anayeshika chakula cha watu lazima akubali kutazamwa. Miaka ile tulikwisha kuona wauzaji waliochanganya mchanga kwenye maharage na waliouza mafuta kwa mlango wa nyuma, na mtaa unaofumba macho hauna haki ya kulalamika. Lakini kutazama ni kazi, na kazi ina utaratibu wake. Waliomtazama Evelio walikuwa wameshaamua wanachokitafuta.

Ubaya zaidi, hakuwa na njia moja. Leo alipinda kulia kwenye duka la viatu lililofungwa, kesho kushoto. Siku nyingine alifika kona, akasimama mguu mmoja chini, akatazama huku, akatazama kule, kisha akarudi alikotoka. Kwa macho ya Rigo, hivyo ndivyo anavyokwenda mtu anayekwepa kufuatwa. Rigo alipima mchele wake nyumbani kwa mizani ya shemeji yake, muuza samaki, akakuta umetimia. Akazidi kushuku.

"Mwizi mjinga ndiye anayepunja," aliwaambia watu. "Huyu hapunji. Sasa jiulizeni anakula wapi."

Mtu ambaye neno lake lilikuwa na uzito mtaani alikuwa Migdalia Leyva, mjane wa miaka sitini na ushei, aliyestaafu ukaguzi wa tiketi kwenye mabasi. Mabasi yalikwisha, lakini ukaguzi haukumtoka. Alikuwa mwanamke mnyoofu. Hakuchukua chochote kisichokuwa chake, na hakuamini kwamba wengine nao hawachukui. Rigo alipompelekea habari za Evelio, hakucheka wala hakushangaa. Alisema tu, "Tumfuate, tuone."

Wakamfuata Jumatano. Rigo na mkewe kwenye baiskeli moja, Migdalia kwa miguu akikata vichochoro, maana hakuwahi kujifunza kuendesha. Evelio alikwenda polepole, akisimama kila mahali, hivyo haikuwa shida kumwandama. Alisimama kumtazama mtu anayepaka dirisha rangi. Alisimama kwenye reli, treni ikiwa haipo. Mwisho alifika kwenye kiwanda cha zamani cha barafu, kilichofungwa tangu mashine zake zilipovunjika, akaegemeza baiskeli ukutani, kivulini, karibu na mlango wa chuma. Akakaa kwenye ukingo wa njia, akatoa pera mfukoni, akaanza kulitafuna.

"Anamsubiri mtu," alinong'ona mke wa Rigo.

"Mlango ule," Rigo akasema. "Chumba cha barafu. Kuku wanakaa humo mwezi mzima bila kuoza."

"Barafu haipo, Rigo."

"Wewe unajua kama haipo?"

Wakasimama ng'ambo ya barabara, watatu, wameutazama mlango wa chuma. Sasa, watu watatu waliosimama wakitazama mlango mmoja, katika mji wetu, miaka ile, hawawezi kubaki watatu. Akapita mama mmoja na mfuko wake, akawaona, akapunguza mwendo.

"Nani wa mwisho?" akauliza.

Ndiyo desturi yetu. Ukikuta foleni huulizi inauza nini, unauliza nani wa mwisho, unashika nafasi yako, habari za bidhaa utazipata baadaye. Rigo, kwa kuogopa kujulikana kwamba wanapeleleza, akajibu, "Mimi."

"Basi niko nyuma yako, baba," mama akasema, akaweka mfuko chini.

Wakaja wawili kutoka kiwanda cha samani. Wakaja wanafunzi. Akaja mzee mmoja na kigoda, mtu mzoefu. Muda si muda foleni ilikuwa imepinda kona.

"Kimeshuka nini?"

"Kuku, wanasema."

"Kuku mzima au mapaja?"

"Mapaja. Mtu mmoja vipande viwili."

"Yule mwenye masharubu pale ndiye anayeuza. Anasubiri saa ifike."

Evelio alipomaliza pera lake aliinua macho akaona umati. Akasimama, akajipangusa suruali, akavuka barabara akisukuma baiskeli, na kwa adabu kabisa akamwuliza mzee wa kigoda, "Samahani, mzee, nani wa mwisho?"

Foleni ilinguruma. "Anatufanya watoto!" mtu akapaza sauti. "Fungua mlango, bwana!" "Fungua, au umeshawagawia jamaa zako?" Wakamzunguka. Akaja askari, akaja mlinzi wa jengo na rundo la funguo zenye kutu, na mlango ukafunguliwa mbele ya wote. Ndani mlikuwa na mabomba, vumbi, na popo waliokerwa na mwanga.

Mtu mwenye akili angedhani jambo limeishia hapo. Halikuishia hapo. Jioni mtaa wote ulikuwa ukisema kuku walikuwepo, wametolewa kwa nyuma. Kama hapakuwa na kuku, walisema, watu wote wale walipanga foleni ya nini? Nilimsikia kwa masikio yangu mtu aliyesema hivyo, na yeye mwenyewe alikuwa kwenye foleni.

Likaitishwa baraza la mtaa, Jumamosi jioni. Baraza halikuwa na uwezo wa kumwachisha kazi muuzaji, lakini likipiga kura kwamba halimwamini, idara ya maduka ilimwondoa, na aliyeondolewa hivyo hakupewa tena kazi ya kushika hata kijiko cha umma. Evelio alikuwa na miaka hamsini na sita. Hakujua kazi nyingine. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti, na nilimpelekea taarifa mwenyewe, kama inavyopasa.

Onelia ndiye aliyenifungulia. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kusikika nyumba tatu, na alikuwa na mpango.

"Mwenyekiti, kaa. Kaa unisaidie kumweleza huyu. Evelio! Njoo hapa. Nimeshafikiri. Jumamosi utasema una mwanamke."

"Mwanamke gani?" Evelio akauliza.

"Yeyote! Sema yuko upande wa reli, mjane, mwembamba. Kila alasiri unakwenda kwake. Mimi nitalia kidogo mbele ya watu, nitakupiga kofi, watacheka, yataisha."

"Onelia, mwenyekiti yuko hapa."

"Ndiyo, na anajua ninalosema. Mtaa huu ukisikia una mwanamke utakusamehe kabla hujamaliza sentensi. Ukisema ulikuwa unazunguka, utafukuzwa. Niambie nimekosea, mwenyekiti."

Hakukosea, na hilo linanitia aibu kwa ajili ya mtaa wetu hadi leo. Nilimwambia kwamba sitasikiliza uongo ukipangwa mbele yangu, na kwamba ndoa si kitu cha kuchezea barazani. Akanyanyua mabega. Evelio alikuwa akizungusha kikombe chake.

"Hivi kwa nini, Evelio?" nikamwuliza. "Nijibu kama mtu mzima. Unakwenda kutafuta nini?"

Aliweka kikombe mezani. "Dukani," akasema, "kila kitu kina kipimo. Huyu kiasi hiki, yule kiasi kile, siku nzima. Nikifika kwenye kona, hakuna aliyeniambia nipinde wapi. Basi."

"Ndiyo hayo tu?"

"Na upepo kidogo."

Nilitoka pale sijaridhika. Jibu lilikuwa jepesi mno, na mimi siamini majibu mepesi.

Siku iliyofuata, Ijumaa, Evelio alipotoa baiskeli kibarazani, alimkuta Migdalia Leyva amesimama kando ya njia, mkoba kifuani, amevaa viatu vyake vya kazi.

"Kesho nitasema juu yako mbele ya watu," akamwambia. "Sisemi nisichokiona. Nipakie."

"Keria haina mto, bibi."

"Nimesimama ndani ya mabasi miaka thelathini. Nipakie."

Akakaa kwenye keria, miguu upande mmoja, mgongo wima. Yaliyofuata nimeyasikia kwa Migdalia mwenyewe, na hakuwa mwanamke wa kutia chumvi.

Kwenye kona ya kwanza Evelio alisimama. "Kushoto au kulia?"

"Usinichezee. Pita unapopita siku zote."

"Hakuna ninapopita siku zote."

"Kulia, basi. Kwa shemeji yako, kaka wa Onelia."

Wakaenda kwa shemeji. Shemeji alikuwa amelala, dirisha wazi, tumbo nje. Migdalia akamwelekeza Evelio nyuma ya ghala la sukari, kisha kwenye banda la mtu aliyekuwa na sifa mbaya, kisha kwenye nyumba moja yenye pazia jipya ambayo alikuwa akiishuku kwa sababu zake. Kila mahali alimtazama Evelio usoni, kama alivyowatazama abiria waliosema tiketi imeanguka. Hakuona kitu. Evelio alisalimia aliowajua na kuwanyamazia asiowajua.

"Na sasa?" akauliza.

"Sasa…" Migdalia alikuwa ameishiwa na washukiwa. "Kushoto."

"Kuna nini kushoto?"

"Sijui! Pinda tu."

Kushoto palikuwa na mteremko unaoshuka hadi mtoni, mrefu, lami yake mbovu pembeni na nzuri katikati. Evelio aliinua miguu kutoka kwenye pedali. Baiskeli ile nzito ikaanza kujivuta yenyewe, kisha kukimbia, kuku wakitawanyika, mkoba wa Migdalia ukipepea, na yeye akamkumbatia Evelio kiunoni kwa mikono yote miwili, kwa kuogopa kufa, alivyosema. Evelio akasogeza vidole kwenye breki.

"Usishike breki!" Migdalia akapiga kelele.

Huko chini, baiskeli iliposimama yenyewe kwenye changarawe, alishuka, akaziweka nywele sawa. Kisha akasema, kwa sauti ya ukaguzi, kwamba hakuona vizuri mara ya kwanza. Wakapanda mlima wakisukuma, wakateremka tena. Na tena.

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa. Rigo alisema ya kwake, na alisema vizuri: njia zinazobadilika, kona, mlango wa chuma, foleni. Alipomaliza, watu walikuwa wakitikisa vichwa. Onelia alikaa mstari wa mbele, midomo ameifunga kwa nguvu. Nikamwita Migdalia.

"Nilipakiwa jana," akasema. "Sikuona mchele, sikuona mafuta, sikuona kuku. Hakuongea na mtu kwa siri."

"Mlikwenda wapi, bibi?" Rigo akauliza.

"Popote."

"Popote ni wapi?"

"Nilimwambia kulia akaenda kulia, nikamwambia kushoto akaenda kushoto."

"Mkafanya nini?"

Migdalia alisita, na sikuwahi kumwona akisita. "Tuliteremka mteremko wa mtoni."

"Mara moja?"

"Mara… kadhaa."

Nyuma mtu akaguna. Mwingine akasema, "Mtoni, jioni, mara kadhaa!" na ukumbi ukalipuka.

"Evelio, shetani wewe!"

"Na Migdalia! Bibi wa tiketi!"

"Ndiyo maana hakuwa na pa kwenda, alikuwa na mtu wa kumwendea!"

"Onelia, usimwue, tunamhitaji Jumatatu kwa sukari!"

Sijaona watu wakifurahi hivyo miaka ile. Nyuso zilizokuwa zimekaza zililegea kwa pamoja. Rigo mwenyewe alikuwa anapangusa machozi, akampiga Evelio bega. Sasa walikuwa na sababu. Kila kona, kila kimya, kila jibu la huko na huko, yote yalipata maelezo, na maelezo yenyewe yalikuwa matamu. Ningeita kura dakika ile, hakuna mkono hata mmoja ambao ungenyanyuka dhidi yake. Onelia alikuwa tayari amesimama, mkono juu, kutoa lile kofi.

Migdalia alikuwa amesimama mbele ya watu wote, mwekundu hadi shingoni. Miaka yote ile ya unyoofu, na ukumbi mzima unamcheka.

Evelio akasimama.

"Nawashukuru," akasema. "Lakini si kweli."

"Kaa chini, kaka!" Rigo akamwambia, bado anacheka. "Umeshapona!"

"Sitaki kupona hivyo. Bibi huyu hana jambo nami. Aliomba kuona ninakokwenda, akaona. Hakuna kitu huko. Nazunguka tu. Ninapenda kuzunguka."

Vicheko vilikatika kimoja kimoja. Nilitazama macho ya watu yakirudi kuwa yale yale ya mwanzo, na niseme bila kuficha, yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu sasa alikuwa amewanyang'anya utamu wao. Onelia aliketi polepole.

"Evelio," nikasema, "baraza linaweza kuridhika kwa njia moja. Uahidi hapa kwamba ukifunga duka unakwenda nyumbani na kubaki nyumbani. Uko tayari?"

"Hapana, mwenyekiti."

"Kwa kitu kidogo kama hicho?"

"Nikiahidi, mtasema niliacha kwa sababu nilikuwa naiba. Na mtakuwa na haki ya kusema hivyo."

Nikaita kura. Waliosema hawamwamini wanyanyue mikono. Rigo akanyanyua, na mkewe, na wengi wa mstari wa nyuma. Wengine walitazama sakafu. Migdalia alikwenda katikati ya ukumbi, akasimama, akaanza kuwatazama wale walionyanyua, mmoja baada ya mwingine, polepole, kama anayesubiri kila mmoja atoe tiketi. Mikono miwili ikashuka. Kisha mingine. Mwisho haikutosha.

Evelio akabaki na kaunta yake. Sitaki msomaji adhani mtaa ulimwamini. Haukumwamini usiku ule na haukumwamini baadaye. Ulishindwa tu kutazamana na mwanamke mmoja. Aliyekataa uongo uliokuwa unamwokoa alistahili zaidi ya hapo, na wengi waliotoka ukumbini walikuwa tayari wanaulizana Migdalia amepewa nini.

Nje, Onelia alikuwa anamsubiri mumewe, mikono kiunoni.

"Migdalia umempeleka mteremko mara kadhaa," akasema kwa sauti ya nyumba tatu. "Mimi mke wako, miaka yote hii, hata kona moja?"

"Hukuwahi kuniambia unataka."

"Na wewe hukuniuliza! Kesho. Na uweke mto kwenye keria, mimi si mkaguzi wa mabasi."

Jumapili alasiri waliondoka pamoja, yeye amevaa gauni la kanisani, baiskeli inayumba chini ya uzito. Kwenye kona ya duka la viatu walisimama, wakabishana, wakapinda kushoto. Rigo alikuwa mlangoni kwake, wembe hewani, shingo ya mteja imejaa sabuni.

"Umeona?" akasema. "Sasa ni wawili."